Kuzungumzia imani na ujinsia chuoni bila kuvunjiana heshima: mwongozo kamili

Chuoni, mada ya imani na ujinsia huzungumzwa sehemu mbili. Jukwaani huzungumzwa kwa kipaza sauti, mbele ya ukumbi uliojaa, na mshindi ni yule aliyepigiwa makofi mengi. Bwenini huzungumzwa usiku, mlango ukiwa umefungwa: mtu anamuuliza mwenzake kama anayeishi na mpenzi bila ndoa bado anaruhusiwa kuimba kwaya, kama vidonge vya kuzuia mimba ni dhambi, kama anayevutiwa na watu wa jinsia yake ana nafasi yoyote katika jumuiya ya waumini. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuanzisha sehemu ya tatu: kikao kidogo kilichopangwa, ambamo maswali ya bwenini yanaulizwa na watu wasiokubaliana, na kila mmoja anatoka na heshima yake. Nikisema ujinsia nakusanya yote humo: kusubiri ndoa, uchumba, uzazi wa mpango, mavazi, mahusiano ya jinsia moja, na watu ambao hawajitambui kwa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa.

Msimamo wangu niutaje mapema: kikao cha namna hii hupona au hufa kabla hakijaanza. Ukialika watu ambao hawajui wamekuja kufanya nini, ukawatupia swali baya, hata mwezeshaji mwenye ulimi wa asali hataokoa kitu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hatua zilizo hapa chini ni za matayarisho.

Hatua ya kwanza: amua ni kikao cha aina gani

Vyuo vimezoea mdahalo. Una pande mbili, una muda, una mshindi, na kwa mambo fulani unafaa sana. Kama swali ni je, zahanati ya chuo igawe kondomu, wekeni mdahalo, hilo ni jambo la sera na mwisho wake ni uamuzi. Lakini usiweke mezani hoja ya kama mwenzako aliyeketi mstari wa tatu amelaaniwa, au kama imani aliyolelewa nayo binti aliyeketi mstari wa nne ni ujinga. Mtu hawezi kujadiliwa akiwa papo hapo kisha kesho mkae naye maabara moja kama vile hakuna kilichotokea.

Mhadhara nao una mahali pake, mahubiri yana mahali pake, na ushauri nasaha una wataalamu wake. Unachoandaa wewe ni mazungumzo. Andika lengo lake kwa sentensi moja na uiweke juu kabisa ya mwaliko: "Tunakutana ili kila mmoja aelewe mwenzake anaamini nini, anaishi vipi na kwa nini, bila mtu yeyote kutakiwa kubadili msimamo wake." Nusu ya mwisho ya sentensi hiyo ndiyo inayoleta watu. Muumini mwenye msimamo mkali anaogopa ataitwa aje alainishwe. Ambaye maisha yake hayalingani na mafundisho anaogopa ataitwa aje atubishwe. Wote wawili wanahitaji kuisoma kabla hawajakubali kuja.

Hatua ya pili: sheria na usalama kwanza, shauku baadaye

Hapa waandaaji wengi huharakisha, na hapa ndipo watu huumia. Mahusiano ya jinsia moja ni kosa la jinai katika nchi zaidi ya 60. Nchini Uganda sheria ya mwaka 2023 haikuishia kwenye vitendo, iliweka pia kosa la "kukuza" ushoga, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 20. Mwandaaji anayeishi chini ya sheria ya namna hiyo hawezi kuiga mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya chuo cha Toronto. Kabla ya kubandika tangazo lolote, muulize mwanasheria au mhadhiri wa sheria unayemwamini mambo matatu: nini kinaruhusiwa kusemwa hadharani, nani anawajibika endapo malalamiko yatafika polisi, na kama kuna jambo ambalo mshauri wa chuo au mfanyakazi mwingine analazimika kuliripoti akilisikia.

Majibu yakikutisha, punguza mada. Unaweza kuandaa kikao kizuri kabisa kuhusu namna familia za kidini zinavyozungumza na vijana wao juu ya miili yao, bila mtu yeyote kuombwa kueleza maisha yake ya faragha. Kupunguza mada si woga. Kumweka mwanafunzi wa miaka 19 katika hatari ili kikao chako kionekane cha kijasiri ndiko kosa.

Omba ruhusa kwa maandishi kwa uongozi unaohusika na wanafunzi. Barua isiwe na maneno ya kiharakati. Taja lengo, idadi ya watu, majina ya wawezeshaji, na ukipenda rejea Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 18 inayolinda uhuru wa dhamiri na dini na ibara ya 19 inayolinda uhuru wa maoni. Hizo mbili zinakaa jirani, na kila upande hupenda kuisoma moja na kuiruka nyingine.

Hatua ya tatu: wawezeshaji wawili, si mmoja

Chuo Kikuu cha Michigan kilianza mpango wake wa mazungumzo kati ya makundi mwaka 1988, na jambo moja ambalo wengi wamelichukua kutoka kwa mipango ya aina hiyo ni kuongoza wawili wawili, kila mwezeshaji akitoka upande tofauti wa mgawanyiko unaozungumziwa. Kwa mada yetu, mmoja awe mtu anayejulikana kwa uchaji wake, asiyetiliwa shaka na vyama vya wanafunzi wa dini. Wa pili awe mtu ambaye wanafunzi waliojeruhiwa na maneno ya kidini wanaweza kumtazama usoni bila kujikunja.

Wakae pamoja kabla, mara mbili au zaidi, na waulizane wao kwa wao maswali watakayowauliza washiriki. Mwezeshaji ambaye hajawahi kusikia kidonda cha mwenzake atashtuka mbele ya watu. Wapeane pia ishara: nikigusa kalamu, chukua wewe usukani, nikifunga daftari, tupumzike.

Wafanye na kazi ya kusoma. Mwezeshaji hahitaji kuwa mwanatheolojia, ila anapaswa kujua ya kutosha ili asikubali sentensi inayoanza na "dini zote zinasema". Chukua uzazi wa mpango. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1930 waliuruhusu kwa mipaka. Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1968, alizikataa njia za kisasa. Wanazuoni wengi wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, waliruhusu azl (mume kumwaga mbegu nje ili kuzuia mimba), baadhi yao kwa sharti la ridhaa ya mke. Na hata ndani ya nyumba moja watu hutofautiana: Desemba 2023 Vatikani ilitoa hati iliyoruhusu baraka zisizo za kiliturujia kwa wapenzi wa jinsia moja huku ikisisitiza kwamba mafundisho ya ndoa hayajabadilika, na Januari 2024 maaskofu Wakatoliki wa Afrika wakatangaza kwamba baraka hizo hazitatolewa kwao. Ukiyajua haya, hutamruhusu mshiriki mmoja ajifanye msemaji wa waumini bilioni moja, wala hutamruhusu asiye na dini aseme kwamba waumini wote wanafikiri kwa kichwa kimoja.

Hatua ya nne: alika watu, usialike vyama

Watu kumi hadi kumi na wanne wanatosha. Wakizidi, wapole wananyamaza na wenye sauti wanatawala. Usiandikie chama ukiomba "mwakilishi", kwa sababu mwakilishi hawezi kusema "sijui" wala "hapa nasitasita". Amebeba bendera, na wenzake watamdai hesabu akirudi. Mwandikie mtu kwa jina lake na umwambie wazi kwamba anajisemea mwenyewe.

Ongea na kila mmoja peke yake kwa dakika kama ishirini kabla ya kumthibitisha. Muulize: unatarajia nini, unaogopa nini, ni neno gani likitamkwa utashindwa kuendelea kukaa? Swali hilo la tatu lina thamani kubwa. Utapata orodha ya maneno ya matusi yanayozunguka chuoni, yale wanayoitwa mashoga na wasagaji, yale wanayoitwa walokole na wenye siasa kali, na utajua mapema yapi yawekwe kando. Mazungumzo hayo ya faragha yatakuonyesha pia nani asije. Anayekuambia "nataka tu niwape ukweli wao" bado hajawa tayari. Mshukuru, mwelekeze kwenye mdahalo.

Usimwache mtu yeyote awe peke yake wa aina yake. Mwislamu mmoja kati ya Wakristo kumi na wawili atageuka kamusi ya Uislamu. Mwanafunzi mmoja aliye wazi kuhusu mvuto wake kwa jinsia yake atageuka kielelezo cha maonyesho. Watafute wawili au watatu, na kama hupati, acha kikao kisubiri.

Mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana kwa makundi yenye chuki hupunguza chuki pale watu wanapokuwa na hadhi sawa wakati wa kukutana, wanapokuwa na lengo la pamoja, wanaposhirikiana badala ya kushindana, na mamlaka inapounga mkono. Hadhi sawa ndiyo ngumu kuliko zote kwetu. Ukimwalika mchungaji au shehe wa chuo, usimlazimishe aitwe kwa jina lake la kwanza. Hilo litamkosesha raha yeye na wanafunzi pia. Mwache na cheo chake, ila mkalishe kwenye kiti kama cha wengine, asiwe karibu na mwezeshaji, na asiwe wa kwanza kuzungumza wala wa mwisho. Ukimpa neno la kufungia, atafunga kwa hukumu hata kama hakukusudia. Nionavyo mimi, vikao viwili vya mwanzo viende bila kiongozi wa dini wala mhadhiri yeyote.

Hatua ya tano: makubaliano ya mwanzo

Msisome kanuni kumi na tano zilizochapwa. Wekeni chache, zitamkwe, kila mtu aseme kwa sauti kwamba amekubali. Mimi ningeweka hizi.

Kila mtu anasema kwa "mimi", si kwa "sisi" wala "wao". Kila mtu ana haki ya kusema "napita", na haulizwi sababu. Hakuna kumkata mtu kauli. Hakuna kumwombea mtu, kumkemea wala kumtabiria bila kuombwa. Simu zote zinazimwa na kuwekwa juu ya meza ambako kila mtu anaziona, maana kurekodi siku hizi ni jambo la kidole kimoja.

Kuhusu usiri, wengi huazima kanuni ya Chatham House, taasisi ya London ya mijadala ya sera za kimataifa, kanuni iliyoanza mwaka 1927: yaliyosemwa unaweza kuyatumia, ila usimtaje aliyeyasema wala taasisi anakotoka. Kwa mkutano wa sera inatosha. Kwa chuo haitoshi. Ukienda bwenini ukasema "kuna kijana mmoja wa mwaka wa pili, uhandisi, anayeimba besi", umemtaja bila kumtaja. Ongezeni kwamba hadithi ya mtu haitoki nje ya chumba kabisa. Unachoruhusiwa kutoka nacho ni kile ulichojifunza wewe kuhusu nafsi yako. Na waambie ukweli: usiri huu ni ahadi ya watu, hakuna anayeweza kuwawekea dhamana. Kwa hiyo kila mmoja apime mwenyewe aseme kiasi gani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Hatua ya sita: tengeneza maswali

Nakaa hapa kwa muda kwa sababu swali ndilo linaloamua kila kitu.

Desemba 30, 1994, mtu mwenye bunduki aliwaua wanawake wawili katika kliniki za utoaji mimba huko Brookline, jirani na Boston nchini Marekani. Baada ya hapo wanawake sita viongozi, watatu wanaotetea haki ya kutoa mimba na watatu wanaoipinga, wakaanza kukutana kwa siri wakiwa na wawezeshaji. Walikutana kwa zaidi ya miaka mitano ndipo wakajitokeza, Januari 2001, kwa makala waliyoiandika pamoja katika gazeti la Boston Globe. Mwanzoni walisumbuka hata na maneno: waitane nani, na kilicho tumboni wakiiteje. Mwishoni hakuna aliyehamia upande wa pili. Kilichobadilika ni lugha yao hadharani, na kila mmoja akapata uwezo wa kumpigia mwenzake simu. Kama watu hao, baada ya damu kumwagika, hawakutakiwa kukubaliana, wanafunzi wako kumi na wawili wasitakiwe pia.

Sasa tazama maswali. "Je, dini yako inasemaje kuhusu mahusiano ya jinsia moja?" ni swali linaloita fatwa na aya. Anayejibu anakuwa mlinzi wa lango. Ligeuze: "Ulisikia kwanza kwa nani kwamba jambo hili ni baya au ni sawa, na siku hiyo ulijisikiaje?" Linaita kumbukumbu, na kumbukumbu haikanushwi.

"Kwa nini mnawachukia watu wa namna hii?" tayari limeshahukumu. Ligeuze: "Kuna mtu unayempenda ambaye maisha yake yanagongana na unachoamini? Unaishije na hayo mawili?"

"Mnawezaje kumwamini Mungu anayewakataa?" ni ukatili uliovaa huruma. Ligeuze: "Imani imekupa nini katika maisha yako ambacho hungependa kukipoteza, na imekuwa nzito kwako wapi?" Swali hili lina uzuri wake, maana muumini asiye na shida yoyote na mafundisho na yule aliyetoka kanisani au msikitini akilia wote wana la kusema.

Liwepo na swali la mashaka: "Katika upande wako mwenyewe, ni jambo gani linalokupa wasiwasi?" Libakize kwa nusu ya pili ya kikao. Likija mapema watu hujilinda. Mtu akikiri kwamba kuna mahubiri aliyoyasikia yakamtia aibu, au kwamba kuna kejeli za wenzake dhidi ya waumini zilizomchosha, hewa ya chumba inabadilika.

Kwamba simulizi hufanya kazi kuliko hoja si maneno matupu. David Broockman na Joshua Kalla walichapisha mwaka 2016 utafiti uliofanywa Miami: mazungumzo ya mlangoni ya takribani dakika kumi, ambamo mtu aliombwa akumbuke wakati yeye mwenyewe alipohukumiwa kwa kuwa tofauti, yalipunguza chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia, na matokeo yalionekana hata miezi mitatu baadaye. Ile ilikuwa kazi ya kushawishi, na wewe hushawishi mtu. Chukua mbinu, acha lengo.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Saa mbili zinatosha. Viti viwe duara, bila meza katikati. Chumba kisiwe cha kanisa, cha msikiti wala ofisi ya chama chochote, na mlango usiwe na kioo kinachoonyesha nani yumo. Mwezeshaji mmoja asimame mlangoni kumsalimia kila anayeingia kwa jina.

Dakika ishirini za mwanzo ni za makubaliano na utambulisho mwepesi. Halafu swali la kwanza linazunguka duara, kila mtu dakika tatu, bila maswali wala majibu. Ukimya ukiingia kati ya mtu na mtu, uache. Mzunguko huu huchukua karibu dakika arobaini, na utaona ni mrefu, hasa kwa waliozoea kujibizana. Usiufupishe.

Baadaye watu wakae wawili wawili. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1950 sharti dogo lenye meno: huruhusiwi kutoa maoni yako mpaka urudie alichosema mwenzako, kwa namna ambayo yeye mwenyewe ataridhika. Likifanyika vizuri husikika hivi:

"Kwangu mimi mwili ni amana. Sikujiumba. Nikiambiwa nisubiri ndoa, sioni kama nimefungwa, naona nimetunzwa."

"Unasema dini imekukataza na wewe umekubali."

"Hapana, dada. Sijasema nimekatazwa. Nimesema nimetunzwa."

"Ngoja. Unasema kusubiri ni kitu umepewa, si kitu umenyimwa."

"Naam. Hapo umenipata. Haya, sema wewe."

"Mimi nimelelewa katika dini hiyohiyo. Ila kwangu kusubiri kulikuja na macho ya watu. Nikichelewa kurudi nyumbani naulizwa nilikuwa na nani. Kaka yangu hakuulizwa hata siku moja."

"Kwa hiyo amri yenyewe hukuikataa, ulichoka inavyotumika upande mmoja."

"Kama sikuikataa, sijui. Lakini hilo la upande mmoja, ndiyo, ndilo lililonichoma."

Jibu la kwanza la yule dada lilikuwa lile alilokuja nalo kutoka nyumbani. Ilibidi alirudie ndipo alipomsikia aliye mbele yake. Na yule kaka naye alipojaribu kumpa mwenzake msimamo unaomfurahisha yeye, alirudishwa kwa upole. Hiyo ndiyo kazi yote ya zoezi. Wape dakika kumi na tano, kisha rudini kwenye duara kwa swali la mashaka.

Hatua ya nane: moto ukiwaka

Hizi ni sentensi za kuwa nazo mdomoni. Zifanyieni mazoezi, kwa sababu wakati wa joto ubongo hautungi sentensi nzuri.

Mtu akianza kurusha aya: "Ndugu, aya hiyo ina uzito kwako, tunaona. Tueleze imekubeba vipi katika maisha yako." Humzuii kutaja maandiko, unayarudisha kwake yeye. Akirudia mara ya tatu kwa kidole kilichonyooka, mwambie wazi: "Hapo umetoka kwenye makubaliano yetu. Rudi kwenye 'mimi'."

Mtu akiita imani ya wenzake ushamba au ujinga, mpe ukali uleule, bila punguzo. Wawezeshaji wengi huwa wepesi kuziba mdomo wa anayewakashifu wachache kijinsia na wazito kumziba anayewakashifu waumini, na kinyume chake katika vyuo vya dini. Washiriki hulihisi hilo haraka mno.

Kiongozi wa dini akigeuza zamu yake kuwa mahubiri: "Mchungaji, naomba radhi nikukatishe. Dakika tatu zimeisha, na tungependa kusikia ya kwako mwenyewe, si ya madhabahuni."

Mtu akitoa dai la ukweli lisilo sahihi, tenganisha dai la sayansi na dai la imani. "Ni ugonjwa wa akili" ni dai la kitabibu, na Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. "Kondomu zina matundu yanayopitisha virusi" nalo si kweli kwa kondomu nzima ya mpira. Sahihisha kwa sentensi moja kisha endelea. "Ni dhambi" ni dai la imani. Mwezeshaji halithibitishi wala halikanushi, na hana mamlaka hayo.

Mtu akijifunua ghafla, akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu: "Asante kwa kutuamini. Huna haja ya kusema zaidi ya hapo." Kisha endelea na anayefuata kwa sauti ileile. Mkimzunguka kwa maswali au machozi, mmemfanya tamasha. Mwezeshaji wa pili amtafute baadaye, faraghani, kumuuliza anaendeleaje. Na ikiwa alichofunua ni kubakwa au kushambuliwa hivi karibuni, haya si mambo ya kikao tena. Mpeleke kwenye huduma siku hiyohiyo akikubali: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Namba za zahanati na za mshauri ziwe mfukoni mwako kabla hujafungua mlango.

Utani ni kesi ya pekee. Mzaha mmoja wa mtu anayejicheka mwenyewe huponya chumba. Mzaha wa kumcheka asiyekuwepo hukiharibu, hata kama wote wamecheka. Usicheke.

Hatua ya tisa: baada ya kikao

Usifunge kwa azimio la pamoja, wala picha ya kikundi, wala taarifa ya kutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa. Kila mtu aseme neno moja analoondoka nalo, na mwende.

Ndani ya siku mbili mwandikie kila mshiriki kwa faragha na maswali matatu: ulisikilizwa, kuna lililokuumiza, ungerudi? Usiulize kama amebadili mawazo. Ukiuliza hivyo, umevunja ahadi iliyokuwa juu ya mwaliko. Ukiona wa upande mmoja wanasema wangerudi na wa upande wa pili wanasita, chunguza maswali yako na viti vyako kabla hujachunguza mioyo yao.

Fuatilia pia yanayosemwa chuoni. Hadithi ya mtu ikivuja, mtafute mwenye hadithi kabla ya aliyevujisha, umuulize anataka nini kifanyike. Huenda akataka ukimya, na huo uheshimiwe hata kama wewe unatamani haki ionekane.

Kundi likiwa tayari, vikao vitatu au vinne katika muhula vinatosha, na mada iende taratibu: mkianza na familia na malezi, mtafika kwenye ndoa na miili bila kukimbia. Epukeni wiki za mitihani na wiki za uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, kwa sababu wakati huo kila sentensi ya mtu hugeuzwa kura. Epukeni pia Ramadhani na Kwaresima, isipokuwa washiriki wenyewe wameomba. Kila mwezeshaji amtafute mrithi wake kutoka kwa washiriki wa mwaka wa kwanza na wa pili, maana walio mwaka wa mwisho wakimaliza bila kurithisha, kikao huondoka nao. Daftari la majina na la mazungumzo ya awali lisirithishwe. Lichaneni, na mfute kila kilichobaki kwenye simu na kompyuta.